Hakimu Anaahirisha Sindano

Mzee alistaafu uhakimu; uhakimu ndio uliokataa kustaafu. Ugomvi wowote wa nyumba ile, tangu watoto walipokuwa wakigombania baiskeli, ulisikilizwa kwenye meza ya chakula, yeye akiwa kwenye kiti cha karibu na dirisha na mwenye la kusema akinyoosha mkono. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba vidonge vimeshindwa kazi, na kwamba sukari isiposhuka kile kidonda cha mguuni kitaondoka na kidole, Mzee hakuikataa insulini. Alisema atasikiliza kwanza ushahidi.

Shahidi alikuwa binti yake, mfamasia wa hospitali. Alikuwa ameshakuja mara mbili, na mara zote mbili shauri likaahirishwa. Kwanza Mzee alidai waliopimwa kwenye tafiti alizoletewa walikuwa watu wa mbali asiowajua. Kisha akagundua kuwa utafiti mmoja ulilipiwa na watengenezaji wa dawa yenyewe, na hapo, tuseme ukweli, alikuwa na hoja.

"Leo nimeleta uchambuzi wa watu wasiouza chochote, Baba," alisema binti. "Kuna insulini ya zamani na ya kisasa. Yoyote utakayochagua, utaanza na sindano moja, wakati wa kulala. Kwa kushusha sukari hazipishani sana."

"Hazipishani kwa kiasi gani?"

"Kiasi ambacho wewe usingekifungulia jalada."

Mama yao, mwalimu mkuu mstaafu, alicheka bila kuinua macho. Alikuwa amepakata soksi za mumewe, akizigeuza moja moja ndani nje kutafuta doa la kidonda. Siku hizi alifanya hivyo kila asubuhi, na leo doa alikuwa ameliona.

"Sasa tofauti yake nini?" aliuliza Mzee.

"Usiku. Ile ya zamani nguvu yake hupanda ukiwa usingizini, na sukari inaweza kushuka mno. Mtu anatoka jasho, anatetemeka. Ya kisasa inakwenda taratibu, kwa hiyo hayo hutokea mara chache zaidi. Kuzidiwa kabisa ni nadra kwa zote mbili."

"Basi ya kisasa," alisema Mama.

"Shida ni kuipata. Leo ipo kliniki, mwezi ujao haipo. Ya zamani haijawahi kukosekana."

Mzee alikohoa kile kikohozi chake cha mahakamani. "Kwa uzito wa suala lenyewe," alianza, na wote wawili wakajua linaahirishwa tena.

Nyumba nzima iliamini Mzee anaogopa sindano, naye aliwaacha waamini hivyo, hata akajitania mwenyewe mbele ya wajukuu. Sindano haikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba mkewe alikuwa amehamia chumba cha zamani cha binti yao kwa sababu ya kukoroma kwake, akafunga milango miwili katikati ili apate usingizi. Sukari ikishuka usiku wa manane, nani atajua? Mwanamume huyu aliwahi kuwafunga majambazi bila kupepesa jicho, lakini kumwambia mkewe kwamba anaogopa kulala peke yake kulimshinda. Alikuwa radhi kidole kiende.

Mama, aliyemwona mumewe akitupia jicho mlango wa chumba usiku ulipotajwa, alinyoosha mkono, soksi ikining'inia.

"Naomba hakimu ajitoe. Ana maslahi yake kwenye shauri hili."

Binti aliziba mdomo kuficha kicheko. Sheria hiyo Mzee aliwafundisha mwenyewe, kwenye meza hiyohiyo. Alinyanyuka akachechemea hadi kwenye benchi la watoto. Mama akakaa kwenye kiti cha dirishani, akaweka soksi mezani na kumgeukia binti yake.

"Hao watu wa utafiti wako, usiku walikuwa wanalala na nani?"

"Hilo sikuliona popote, Mama."

"Wangeuliza." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, baba watoto, unalala na nani?"

Mzee alitazama kitambaa cha meza. "Si unajua. Peke yangu."

"Na unaogopa."

"Naogopa," alisema, kwa sauti ndogo ambayo binti yake hakuwahi kuisikia. Binti aliacha kucheka. Alijiona mjinga, yeye na karatasi zake zote.

Mama naye aliisogeza soksi kando. Ilimuuma kwamba mtu aliyeishi naye miaka yote hii alihitaji kufikishwa mahakamani ndipo aseme.

"Hukumu," alisema. "Kesho tunakwenda kliniki, unaanza na hiyo isiyokosekana, kipimo atasema daktari. Ikikushusha sukari mno usiku, tunarudi kwake kudai ile nyingine, na hiyo ndiyo rufaa yako. Mimi narudi chumbani leo. Juisi ya kukupandishia sukari itakaa upande wangu wa kitanda."

"Lakini nakoroma," alisema Mzee.

"Ukikoroma nitalala. Ukinyamaza ndipo nitaamka."

Mzee hakuomba kuahirisha. Aliomba apewe soksi safi, maana mguu ulikuwa unapata baridi.