Televisheni ya Kupigwa Pasi

Jumapili, vyombo vya mchana vikiwa bado kwenye karo, Pasi alichukua brashi laini akaisugua televisheni kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha alijaribu joto la pasi kwa kidole alichokilowesha mate, akaipitisha juu ya skrini yote kwa mwelekeo mmoja, bila kukandamiza. Kitambaa cha biliadi kina manyoya mafupi yanayolala upande mmoja, na ukiyapiga pasi kinyume yanasimama, mipira inaanza kuyumba kama walevi. Hilo alifundishwa na marehemu baba yake. Alipomaliza aliisimamisha pasi juu ya tofali, akachomoa waya ukutani, akaangalia tena kama kweli ameuchomoa.

Mama yake alikuwa kwenye kochi, akikunja nguo.

"Wengine wakishika pasi, sisi wengine tukae karibu na mlango," aliliambia pazia.

Mama hakuwa amezungumza na Pasi tangu ukumbi wa biliadi wa mumewe ulipoungua. Waliishi wawili tu katika nyumba ile, kwa hiyo maneno yake yalipita kwa pazia, kwa jokofu, na siku za hasira kwa sufuria. Chakula kikiiva aliliambia jokofu kwamba wenye njaa waje. Jina la Pasi lenyewe walimpa majirani wiki ile ile ya moto, uliosemekana kuanzia kwenye pasi yake, maana watu wana midomo, na jina baya halihitaji mtangazaji. Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kwenye kitambulisho.

Gemu ya biliadi ya kwenye televisheni aliinunua kwa sababu hakukuwa na ukumbi mjini uliomruhusu kuvuka kizingiti. Isitoshe, mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjamana. Siku ya moto aliingia ndani kuitoa fimbo ya kuchezea ya baba yake, akatoka nayo, na vidole vitatu havikunyooka tena. Watu walisema ni dhamira iliyomsuta. Fimbo asingeweza kuishika, lakini pedi ya gemu ilidai vidole gumba tu, na hivyo alikuwa navyo vizima.

Na gemu ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Mpira mweupe ukiupiga chini ulirudi nyuma, ukiupiga ubavuni ulikata kona na kuondoka zake. Kila mpira ulibeba juu yake mwanga mdogo wa taa, na ulipodumbukia shimoni ulitoa ule mlio mzito ambao mtu aliyelelewa ukumbini huusikia tumboni kabla ya masikioni. Siku za mvua kitambaa kilikuwa kizito na mipira ilichoka mapema. Zaidi ya yote, mashine haikumuuliza mtu mtaani wanamwitaje. Ilimpa zamu yake, akapiga.

Mambo mengine yalikuja polepole. Kwanza unga wa chaki ya bluu ulianza kudondoka kwenye meza ya televisheni, na mama akaupangusa huku akiliambia pazia kwamba kuna watu hawaoni uchafu wao. Halafu skrini iliota kitambaa cha kijani, kwanza pembeni, kisha kote, na mipira ikatuna juu yake kiasi cha kushikika. Halafu, kati ya kumbi ambazo mchezaji anaweza kuchagua, ukatokea ukumbi wa baba, na benchi lake la mbao na dirisha lake lisilofunga. Kutoka chumba cha nyuma cha ukumbi huo mtu alikuwa akikohoa. Mama alisikiliza kikohozi kile, akaliambia jokofu kwamba marehemu bado hajapona kifua.

Alasiri kaka mkubwa alifika na mkewe, kama kila Jumapili. Kaka alikuwa msimamizi wa ghala la magodoro, mtu wa kushiba na wa kusifiwa. Mama aliinuka kumpokea, akamuuliza habari za kazi, za watoto, za mgongo.

"Bado unacheza na vivuli?" kaka alimwambia Pasi akivua viatu.

"Karibu, kaka."

"Mpira hauna uzito, fimbo haina mti. Mtu mzima na ndevu zake." Akakaa, akanyoosha mkono. "Haya, lete pedi."

Walicheza. Ndugu wale hawakuwa na mazungumzo mengine. Shemeji alimenya chungwa. Pasi alikuwa akishinda, na kaka alikuwa akipumua kwa pua, hata akainuka na kwenda mpaka kwenye skrini kupima kona kwa jicho. Alipokuwa ameinama, mkono wa shati lake uligusa mpira mwekundu, ukasogea kidogo.

Katika ukumbi wa baba hapakuwa na mwamuzi. Faulo aliisema aliyeifanya. Hata kama hakuna aliyemwona, alisimama wima, akasema "faulo", akauchukua mpira mweupe kwa mkono wake na kumpa mpinzani. Asiyeweza hivyo alionyeshwa mlango, na baba alimwonyesha bila kupandisha sauti.

Kaka alirudi kukaa, kimya.

Mashine iliandika FAULO.

"Sijagusa," kaka akasema.

Mashine ikaleta marudio. Ulionekana mkono wa shati, ukaonekana mpira ukisogea. Marudio yangeishia hapo, lakini yaliendelea kurudi nyuma. Chungwa la shemeji lilijirudishia maganda, mama akakunjua nguo, watu wakawa wembamba, na picha ikatua jioni ile ukumbini. Pasi alikuwa anaipiga pasi meza, mkono wake mzima. Kaka akaingia na shati jipya.

"Niachie, nitamalizia," kaka wa kwenye skrini alisema. "Kalete balbu."

Pasi alimpa pasi, akatoka. Kaka alipitisha mara mbili tatu, kwa kinyume. Mtu alipiga mluzi barabarani. Kaka aliilaza pasi kifudifudi juu ya kitambaa, kama mtu anayeweka kikombe, akajitazama kwenye kioo cha dirisha na kuondoka. Tofali lilikuwa pale pale karibu na mkono wake. Kwenye chumba cha nyuma baba alikohoa. Kitambaa kikawa cha kahawia, kisha cheusi.

Moshi ulipofika sebuleni, shemeji alikwenda kufungua dirisha.

Miaka yote hiyo kaka alikuwa amesema neno moja tu kuhusu moto ule: "Ilikuwa zamu yake." Na kweli ilikuwa zamu yake. Baba aliliamini neno hilo, akafa mwaka uliofuata bila kumwita Pasi kitandani, ingawa Pasi alikaa barazani siku zote akingoja kuitwa.

Pasi aliweka pedi chini.

"Mama," alisema, "mwambie aseme."

Mama alikuwa akitazama mikono yake.

"Aseme nini, na kila mtu ameona," kaka akasema. "Ukumbi ulishaungua. Nikisema utasimama?"

"Sema tu. Sema mbele ya mama."

"Usimpigie kelele mwenzio," mama akasema. Hakuliambia pazia. Alimtazama Pasi mwenyewe, usoni. "Mimi nilijua. Aliporudi jioni ile nilimuuliza, akaniambia. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Shemeji alitema mbegu ya chungwa kwenye kiganja.

"Mkewe alikuwa na mimba," mama aliendelea. "Ghalani ndio kwanza wamemwita, na nani angemkabidhi ghala la magodoro mtu aliyeunguza? Wewe hukuwa na mke, hukuwa na kazi. Watu walikuwa wameshakutaja wewe, na nyumba haiwezi kupoteza watoto wawili. Wewe hukuwa na cha kupoteza."

"Nilikuwa na baba," Pasi akasema.

Mama alichukua nguo nyingine, akaikunja.

"Na kuninunia miaka yote hii?"

"Ningekutazama kwa uso gani?" mama akasema, na kwa sauti yake ungedhani yeye ndiye aliyekosewa. Aliinuka kwenda kuchemsha chai.

Kaka alisema moshi ule utaharibu rangi ya dari. Kisha alisema kwamba faulo si kitu, wahesabu tu na waendelee. Walimaliza mchezo. Pasi alishinda, na hakuna aliyesema hongera. Kwenye kitambaa cha skrini lilibaki doa la kahawia lenye umbo la pasi, katikati kabisa, na mipira ikipita juu yake ilipungua mwendo kidogo. Wachezaji wazuri hulihesabu doa hilo katika mapigo yao, na Pasi alijifunza haraka.

Siku hizi mama huzungumza naye moja kwa moja. Humwambia chumvi imeisha, humwambia bomba linavuja. Wageni wakija humwonyesha kwa kidevu na kuwaambia kwamba huyu ndiye aliyeunguza ukumbi wa baba yake, kwa sauti ile ile ya zamani, halafu humuomba awaletee maji. Huleta. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini maji huleta.

Kaka bado huja Jumapili. Kila anapofanya faulo na kunyamaza, mashine huleta marudio, na marudio hurudi nyuma mpaka ukumbini, mpaka kwenye shati jipya. Mwanzoni ilibidi wote wangoje mpaka moshi uishe. Siku moja shemeji, aliyekuwa akisoma karatasi ya maelekezo kwa kukosa la kufanya, aligundua kwamba pedi ina kitufe cha kuruka marudio. Alimwonyesha mumewe. Kaka alikizoea mara moja, na sasa hukibonyeza kwa kidole gumba bila hata kuangalia, huku akimuuliza mama kama chai ipo tayari.