Nafasi Kando ya Solveig

Mara ya kwanza Delphine alidhani ni bahati mbaya. Aliitega kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akabofya, akakimbia kwenye nyasi zenye umande ndani ya sekunde kumi kabla kamera haijajipiga, akajibanza mwishoni mwa mstari, ubavuni mwa mumewe Anders. Kamera ikalia. Alipokwenda kuitazama picha, ziwa lilikuwa zuri, majani ya Oktoba yamegeuka mekundu, watu wametulia. Lakini katikati, baina ya mama mkwe wake Solveig na wifi yake Kirsten, palikuwa na mwanya ambao mtu mzima angepita bila kugusa bega la yeyote.

"Sogeleaneni basi jamani," aliwaambia. "Mmekaa kama mnaogopana."

Wakasogea. Akabofya tena, akakimbia tena. Picha ya pili, mwanya uko palepale.

Sasa, Delphine alikuwa mtu wa Louisiana, kwa watu wa maneno mengi na kukumbatiana, na jambo asilolielewa lilimwasha kama upupu. Alikuwa ameolewa mwezi wa tano, na hii ndiyo picha yake ya kwanza ya kadi ya Krismasi ya akina Halvorsen, ukoo wa mumewe. Yeye mwenyewe aliomba kuipiga. Hakutaka studio wala mpiga picha wa kukodi. Alitaka watu kama walivyo, nje, mbele ya ziwa lao, ndani ya makoti yao ya kila siku. Zaidi ya yote alitaka kuwamo. Miezi mitano alikuwa akijiuliza kama watu hawa wanampenda au wanamvumilia tu, na jibu hakulipata, kwa sababu akina Halvorsen si watu wa kusema lililo moyoni. Ungewapikia karamu ya siku tatu, wangekuambia chakula hakikuwa kibaya.

Akazikumbuka picha za ukutani, pale ngazini kwa Solveig, moja kwa kila Oktoba. Karibu zote zilikuwa na mwanya uleule. Kila siku alizipita akidhani ndivyo wanavyosimama tu. Ndipo jina likamjia kichwani: Britta, mchumba wa Anders wa zamani, ambaye akitajwa mezani Kirsten husema, "Alikuwa mtu mzuri," kisha huomba chumvi. Kumbe wanamwekea nafasi! Roho ilimuuma Delphine, ikamuuma kwelikweli. Kwamba baadhi ya picha zile zilipigwa Britta akiwa bado ananyonya, hilo halikumpitia akilini. Wivu na hesabu ni maji na mafuta.

"Tupige nyingine," alisema. "Wifi, hamia kwa mama."

"Nipo kwa mama," alijibu Kirsten.

"Hapo katikati trekta linapita."

"Labda trekta dogo," alisema Kirsten, wala hakusogeza unyayo.

Anders alichekea puani, macho kwenye viatu vyake. Delphine aliwatazama mmoja mmoja, akaona heri ajue moja, liwalo na liwe.

"Bi Solveig," aliita, maana kwao mtoto akimwita mkubwa kwa jina tupu hupigwa kofi. "Naomba niulize. Nafasi hiyo mnamwekea nani?"

Wote waligeuka kutazama ziwa, kama wafanyavyo wakiulizwa jambo waziwazi. Solveig ndiye aliyemgeukia tena wa kwanza.

"Anayebofya," alisema.

"Anaye nini?"

"Anayebofya kamera. Akishabofya atakimbilia wapi? Tumekuachia nafasi tangu tulipokuja, na wewe unatukwepa, unakwenda zako pembeni. Tukasema huenda kwenu watu wanapenda pembeni."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza," alisema Kirsten.

Anders akakohoa. "Zamani aliyebofya alikuwa baba. Kamera yake nayo ilikuwa ya sekunde kumi, na goti lake lilikuwa bovu. Miaka thelathini na mmoja, kafika mara mbili."

"Tatu," alisema Solveig. "Ule mwaka wa mvua ya mawe alifika. Kiganja chake kinaonekana."

Harald, baba yao, alikuwa amezikwa miaka minne iliyopita. Tangu hapo jirani mmoja ndiye aliyekuwa akiwapiga picha, akibaki hukohuko nyuma ya kamera, hakuna wa kukimbia. Lakini mwanya waliuacha vilevile, kwa kuwa hakuna aliyejua kusimama namna nyingine.

Delphine alijionea aibu kwa habari ya Britta, akaapa moyoni kwamba siri hiyo ataingia nayo kaburini. Akairudia kamera, akabofya, akatimua mbio kuelekea katikati. Nyasi zikamtelezesha, goti likagusa matope, akainuka.

"Kimbia, mtoto wewe!" Solveig alipaza sauti, ambayo Delphine hakuwahi kuisikia ikipazwa. "Mwenzio alikuwa na goti bovu, wewe una udhuru gani?"

Kamera ililia akiwa amebakiza hatua mbili.

Walijikusanya kuitazama picha. Delphine alikuwa mgongo mtupu, koti limejaa matope, kofia iko hewani. Kirsten kaachama. Anders kajikunja kwa kicheko. Na Solveig, ambaye katika picha zote za miaka minne ile aliikodolea kamera macho kama askari wa mpakani, alikuwa anacheka na amenyoosha mikono yote miwili mbele.

"Turudie," alisema Delphine. "Uso wangu hauonekani."

Solveig aliichukua kamera, akakikinga kioo na jua kwa kiganja, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Kadi itakuwa hii," alisema.

"Lakini watu hawatajua huyo ni nani."

"Watajua. Wataona anakokimbilia."