Mbegu za Julai

Siku mume wangu Nzomo alipotutoka ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nne, ndengu zetu zikiwa zimefika magotini. Alitoka nyumbani kwetu Nziu, karibu na Wote, alfajiri, na mfuko wake wa turubai uliokatika zipu akaufunga kwa kamba ya buluu. Alisema atarudi kabla ya saa kumi. Saa tisa na nusu mtu nisiyemjua alinipigia simu, akauliza kama mimi ndiye "Mutindi Nyumbani", kwa sababu ndivyo mume wangu alivyoniandika kwenye simu yake. Nzomo alikuwa ameketi kwenye steji ya Emali akisubiri gari la Wote lijae. Akaegemea ukuta, hakuinuka tena. Daktari alisema ni presha.

Majirani walidhani Nzomo alikuwa akiuza mbegu. Kazi yake hasa ilikuwa ya mteja wa siri. Kampuni moja ya Nairobi yenye maduka ya mbegu na dawa za mifugo ilimlipa aingie kama mnunuzi wa kawaida, anunue kitu kidogo, kisha ajaze fomu kwenye simu: alisalimiwa baada ya muda gani, alielezwa dawa vizuri, alipewa risiti, sakafu ilikuwa imefagiwa. Maduka manne, kila baada ya miezi mitatu. Duka la Kambu ndilo lililokuwa la mwisho siku ile.

Baada ya mazishi sikuweza kutulia. Nilikuwa nikianza kuosha sufuria naiacha nusu, naingia shambani natoka na mikono mitupu. Siku moja wamama wa kanisa walikuja kuniombea, nikawaacha sebuleni katikati ya maombi nikaenda kuona kama mbuzi wamefunguka. Hawakuwa wamefunguka. Nikabaki zizini mpaka niliposikia wakiagana.

Mwezi wa sita Ilhan, msimamizi wa Nzomo kule Nairobi, alipiga simu kutoa pole. Kabla hajakata nikamwomba kazi ile.

"Mama, si kazi rahisi," alisema. "Wengi wanaanguka kwa ripoti ya kwanza."

"Nimeishi nayo miaka sita."

"Sawa. Nenda Kambu Julai. Ripoti yako ikiwa safi, maduka yote manne nitakuachia wewe."

Nilizitaka safari zile kuliko nilivyotaka kula. Zilikuwa sehemu ya maisha yake nisiyoijua, na ndani yake ilikuwa Jumanne ile. Niliona kwamba nikipita alipopita nitaikuta mahali.

Na kazi nilidhani naijua. Tulipokuwa tukipura ndengu alipenda kunifundisha, kana kwamba mimi ndiye nitakayeanza kesho. Anayeanza, alisema, hutaka kuigiza. Asiigize, aende na kisa chake mwenyewe, kwa sababu kisa cha kuazima utakisahau mhudumu akikuuliza mara ya pili. Usitoe simu dukani kuandika. Ukitaka kukumbuka jina la mhudumu, mpe mbuzi wako jina hilo kichwani. Hesabu pumzi kuanzia mlangoni mpaka usalimiwe. Ukitoka, kaa chini mahali palepale mjini ujaze fomu kabla hujapanda gari. "Ukifika nyumbani utakuwa umeshamhurumia mtu," alisema, "na huruma inabadilisha majibu." Nilimuuliza afanye nini mtu akitambuliwa. Fomu ina swali la mwisho: je, mhudumu alionyesha dalili yoyote ya kukutambua? Nzomo alicheka tu, akaendelea kupura.

Nilikwenda Kambu Alhamisi ya pili ya Julai nikiwa na mfuko wake. Kisa changu kilikuwa kifupi: mume wangu amenituma nusu kilo ya mbegu za ndengu. Nilikirudia njia nzima. Upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi la malori mpaka ndani ya vibanda vya matunda.

Niliingia, nikaanza kuhesabu pumzi. Ya tatu haikuisha.

"Karibu, mwaitu! Habari ya safari?" Mhudumu aliyeniita mama kwa Kikamba alikuwa mwanamke wa rika langu, koti jeupe, kitambaa cha njano kichwani. Kwenye koti paliandikwa Syombua. Nikampa mbuzi wetu mweusi jina hilo. Kulikuwa na mteja mmoja tu, mzee mwenye kofia nyeupe aliyekuwa akisoma chupa ya dawa ya minyoo kwa kuiweka mbali na macho.

"Mume wangu amenituma mbegu za ndengu," nilisema. "Nusu kilo."

Syombua alitazama mlangoni, ambako jua lilikuwa likiwaka juu ya ardhi kavu, akanitazama mimi. Mzee ndiye aliyecheka.

"Mama, ndengu Julai? Unapanda wapi, ndani ya friji?"

"Abdisamad, wachana na mteja wangu," Syombua alisema. "Nunua dawa ya mbuzi zako uende."

"Naenda wapi? Nataka kuona hiyo friji."

Uso wangu ulipata moto. Nimelima tangu nikiwa msichana Kitui. Hakuna mtu wa kwetu anayenunua mbegu Julai, hata mtoto analijua hilo. Lakini maagizo kwenye fomu ya Nairobi yalisema Julai, yakasema mbegu, na mimi nilikuwa nimeshughulika kuhesabu pumzi.

Ndipo Syombua akauona mfuko. Alinyoosha shingo juu ya kaunta akaitazama kamba ya buluu, kisha akapiga makofi mara moja.

"Aiya! Wewe ni bibi ya Inspekta!"

"Inspekta gani?"

"Nzomo! Sisi tunamwita Inspekta. Abdi, si unamkumbuka? Yule wa nusu kilo."

"Wa nusu kilo!" mzee alisema kwa furaha, akaweka chupa chini. "Januari nusu kilo. Aprili watu wamemaliza kupalilia, yeye nusu kilo. Julai nusu kilo. Mimi nilisema huyu ama ni wazimu ama ametumwa."

"Mara ya pili tu tulijua," Syombua alisema. "Nani atoke Wote aje kununua ndengu huku kiangazi? Nikasema sawa, akija tunafagia. Na kweli, mwaitu, tulizoea kufagia hata kama haji."

"Yeye alijua mnamjua?"

"Si alikuwa anacheka akitoka? Mwaka jana nilimwambia, Inspekta, leo sakafu iko aje? Akasema, iko sawa, lakini risiti umechelewa." Alikuwa ameshaanza kupima mbegu. "Mwambie ana deni langu la chai. Siku ile ya Aprili nilimpikia, akanywa nusu. Alikaa hapo kwa benchi anatoka jasho. Nikamwambia, asa, baba yangu, hiyo si jua, nenda hospitali hapa karibu. Akasema amalize fomu kwanza, halafu atapimwa akifika Wote, Mutindi ampeleke. Alinionyesha picha yako, sijui kwa nini sikukujua. Alipimwa?"

Nililitazama benchi. Lilikuwa la mbao, fupi, mguu mmoja umewekewa jiwe.

Hapo ndipo ningesema ndiyo, alipimwa. Ningechukua mbegu na risiti, nitoke. Kisa kilikuwa bado kizima. Mume wangu amenituma. Nilifungua mdomo niseme hivyo.

"Alifika Emali tu," nilisema. "Tulimzika mwezi wa nne."

Mizani ilibaki na mbegu juu yake. Syombua alitoka nyuma ya kaunta, akaacha droo ya pesa wazi, akaketi kwenye benchi akaniketisha kando yake. Alinishika kifundo cha mkono akakishikilia hivyo, kwa nguvu, kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke. Waliingia wateja wawili. Abdisamad aliwaambia wangoje nje, akasimama mlangoni na kuanza kusoma kitu kwa sauti ya chini, viganja vimeinuliwa.

"Ningemfungia mlango," Syombua alisema baadaye. "Ningemwambia hutoki, Inspekta."

"Asingekubali."

"Najua. Lakini ningefunga."

Sijui tulikaa muda gani. Pumzi sikuhesabu. Nilipoinuka alinipa mbegu, akakataa pesa. Nikamwambia lazima achukue, na risiti anipe. Akaandika risiti huku akifuta macho kwa kitambaa cha njano.

Nilijaza fomu kwenye kibanda cha chai upande wa pili wa barabara, kama nilivyofundishwa. Salamu: mara moja. Sakafu: safi. Risiti: ndiyo. Mhudumu aliacha kaunta: ndiyo. Mahali pa kueleza kisa cha mteja niliandika, "Nilisema mume wangu amenituma," kidole kikasimama. Kama ningeishia hapo, Nzomo angekuwa nyumbani anangoja mbegu. Ningemwandika hivyo Oktoba, na Januari, na kazi ingekuwa yangu. Yeye mwenyewe lazima alijibu Hapana kwenye swali la mwisho miaka yote, maana anayetambuliwa hatumwi tena, ili arudi kwenye benchi lile. Nilimwelewa. Niliinuka, nikazunguka kibanda, nikaketi tena. Mwenye kibanda akaniuliza kama chai ina kasoro.

Niliongeza: "Kisha nikamwambia amefariki." Swali la mwisho nikajibu Ndiyo. Nikaandika pia kwamba kosa ni la kalenda ya Nairobi, wala si la mhudumu, na kwamba duka lile hufagiwa kila siku.

Ilhan alipiga simu Jumatatu. Hakuwa na hasira. Alisema mtu akishatambuliwa hawezi kutumwa tena, ndiyo kanuni. Syombua hataguswa, alama zake zimetosha. Maduka manne amepewa mwanamke wa Machakos anayeitwa Kathini, ndio kwanza anaanza. Akaniomba nimpe Kathini ushauri kidogo kwa simu.

Nilimpa wote, pumzi na majina ya mbuzi, na kwamba aulize kwanza watu wanapanda lini. Kathini aliandika; nilisikia kalamu.

Nusu kilo ya ndengu iko kwenye chupa juu ya kabati. Mvua ya Oktoba ikinyesha nitazipanda, na kama hazitatosha nitakwenda kununua nyingine kwa Syombua, Kambu.