Kidole cha Gudveig

Watoto wa shule walipoletwa kwa daktari wa meno pale mjini Kristiansund, waliketi kwenye benchi wakiwa na soksi zilizolowa theluji, wakisukumana nani aanze. Gudveig, msaidizi wa daktari, ndiye aliyewashikia filamu ya eksirei. Ilikuwa kitu kidogo, kama stempu iliyofungwa kwa karatasi nyeusi, na kona zake zilichoma ufizi. Mtoto akiachiwa aishike mwenyewe, aliitema. Basi Gudveig aliingiza kidole cha shahada mdomoni mwake, akaibana filamu pembeni, akamwimbia polepole, na Daktari Lervik akabonyeza mashine akiwa nyuma ya mlango. Walifanya hivyo miaka mingi. Kando ya meno, kila picha ilionyesha mfupa wa kidole chake.

Kwanza ngozi ya kidole hicho ilikauka. Kisha ukucha ukapasuka, kikatokea kidonda kisichosikia dawa, na mwishowe hospitali wakakikata kidole chote. Daktari Lervik alimpeleka kwa gari lake, akambebea begi hadi kitandani, akamwachia machungwa. Hakuwa mtu mbaya.

Gudveig aliporudi kazini aliwekwa mlangoni, awavue watoto makoti. Siku hiyohiyo, picha zilipooshwa na kuanikwa, kidole chake kilichokatwa kilikuwemo, na kiungo kile cha juu kilichopinda kidogo.

"Gudveig, njoo uone," daktari aliita. "Kidole chako kinachapa kazi."

"Nakiona. Kimeshika vizuri?"

"Kuliko zamani. Na hakiombi kahawa."

Msichana mmoja mwenye pengo alishuka kwenye kiti, akaja kuchukua koti lake. "Shangazi, kidole chako kina ladha ya sabuni."

"Pole, kipenzi. Ningekuwa nacho hapa ningekisuuza," Gudveig alisema, akamfungia vifungo.

Baada ya wiki chache aliajiriwa Eldrid, binti wa mvuvi, mwenye mikono laini na kicheko cha karibu. Alikuja kushika filamu. Gudveig akamfuata daktari kwenye chumba cha kuoshea picha.

"Daktari, huyu binti asiingize mkono. Changu kinatosha."

"Kinatosha, sikatai. Lakini siku kisipokuja, nitamwambia nani? Siwezi kukiandikia barua."

"Kuna vile vishikio vya mbao."

"Vinawaliza watoto, wewe mwenyewe ulikuwa ukivificha. Na foleni haiendi." Akamgusa bega. "Usijitese, Gudveig."

Wakati wa mapumziko alimkatia Eldrid mkate, akaupaka siagi na jibini la kahawia, kisha akaweka mezani mkono wake wenye pengo la kidole.

"Shangazi, unaniharibia chakula," Eldrid alicheka. "Mimi nipo hapa mwaka mmoja tu. Nikiolewa naacha."

"Mimi pia nilisema hivyo."

"Kwa hiyo nikose kazi na mume nikose?"

Gudveig alimkatia kipande kingine.

Tangu hapo picha zilikuwa na vidole viwili, bega kwa bega. Baadaye kile cha zamani kikaanza kusogea. Kila picha kilikuwa kimesogea kidogo zaidi, hadi kikalala mbele ya kile cha Eldrid, upande ule mionzi inakotokea, kikakifunika chote, kama mama anavyolala ukingoni mwa kitanda ili mtoto asipate upepo wa mlangoni.

Daktari alilalamika. "Kiambie kisogee. Kinaniziba mzizi wa jino."

Gudveig alisema atakiambia. Hakukiambia.

Alichukua picha moja kwa pembe, ikiwa bado inadondosha maji, akaenda nayo dirishani. Mfupa wake ulikuwa mbele. Ndani yake, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia jembamba, ulionekana mfupa wa Eldrid, mchanga, ulionyooka, wazi hadi ncha. Mionzi ilikuwa imepita kwake kwanza, kisha ikapita kwa binti.

"Mwingine!" daktari aliita, akaenda nyuma ya mlango.

Eldrid alikunja mkono wa blauzi, akamwambia mtoto afumbue kinywa, asiogope.