Siku Tuliyojifunika Nyuso

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Uliza pale sokoni Majengo, watakwambia Mama Yotham wa nafaka aliwahi kumkuta nyoka kwenye gunia la karanga, akamtoa kwa fimbo na kuendelea kumpimia mteja. Lakini siku nilipomgusa Ruthu kifuani nilishtuka mpaka sindano ikaniponyoka, na tulipoitafuta baadaye hatukuiona.

Tulikuwa barazani kwa Hilda, tunashona. Nieleze kwanza tunashona nini, maana wengine hucheka. Sisi ni wanawake watu wazima, wenye wajukuu, tuliokatwa titi kwa sababu ya saratani. Ukikatwa titi moja gauni linakaa upande, na kanisani watu wanakusalimia huku wanakutazama kifua. Matiti ya bandia ya dukani yapo, lakini bei yake haishikiki, na kwa jua la Dodoma yanakuchemsha jasho mwili mzima. Basi tunajishonea vifuko vya pamba, ndani tunajaza uwele. Uwele una uzito wake, unatulia, na ukiukausha vizuri hauingiwi na wadudu. Uwele natoa mimi dukani kwangu. Kitambaa analeta Munira, ambaye anauza kanga na vitenge. Hilda alikuwa mpiga chapa wizarani mpaka akastaafu, kwa hiyo yeye anatoa baraza, chai, na amri.

Ruthu hakuwa mgonjwa. Alikuja kwetu baada ya kumuuguza dada yake mpaka akamzika, na inaonekana kukaa bure kwake Msalato kulimshinda. Kwa kuwa ana matiti yote mawili tukamfanya kipimo chetu. Kila kifuko kipya tulimpachika juu ya blauzi, tukakibonyeza kulinganisha umbo. Alizoea, na sisi tulizoea kumtania kwamba ndiye tajiri wa kikundi.

Siku hiyo nilimpachika kifuko upande wa kulia, nikabonyeza, na chini ya vidole vyangu kukawa na kitu kigumu. Nikamuuliza kwa nini ameweka simu kwenye sidiria wakati anajua tunapima. Nikakiondoa kifuko na kubonyeza tena kwa vidole vitupu, na hapo nikakijua kile kitu, maana na mimi niliwahi kuwa nacho.

Munira alikuwa anamimina chai, na chai ikajaa kikombe ikamwagika mezani naye anaitazama tu. Ruthu akavuta blauzi yake vizuri, akatuambia kwa upole kwamba anacho tangu mavuno ya mwaka jana.

Sikuamini. Mwanamke aliyemwosha dada yake kidonda, aliyekaa nasi kila wiki akitusikia tukihimizana kwenda kliniki mapema, alikuwa amekalia uvimbe kama kuku aliyekalia mayai. Nikamwakia. Nilimwambia maneno ambayo mtu mzima hamwambii mtu mzima mwenzake, mpaka Hilda akanishika mkono. Ruthu alisubiri nimalize, kisha akasema.

"Kliniki ya matiti ni ya Nathanaeli. Mimi siwezi."

Nathanaeli ni daktari, kijana wa Kibakwe, mpole, tena ndiye aliyetuhudumia sote. Na ndiye aliyemuoa Brightness, binti wa kwanza wa Ruthu. Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukanitia hasira zaidi. Kwenye ukoo wa Ruthu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani hovyo. Nathanaeli akifika Msalato, Ruthu anatokea mlango wa uani. Wanasalimiana ukuta ukiwa katikati, kila mmoja ametazama kwake, na wamefanya hivyo tangu harusi bila kukosea hata mara moja. Mwanamke huyo ndiye tuliyemtaka akavue nguo mbele ya mkwe wake na kushikwa titi.

Tulijaribu kila njia. Daktari mwenzake na Nathanaeli alikuwa ameenda masomoni. Hospitali nyingine tulizouliza zilituelekeza kwa Nathanaeli huyohuyo. Dar es Salaam aliikataa kabisa, akasema dada yake alipelekwa huko na akarudi kwenye sanduku. Nikamuuliza kama yuko tayari kufa kwa ajili ya heshima. Akanijibu kwamba heshima ndiyo kitu pekee alichobaki nacho ambacho hakijaugua. Jibu hilo lilinikata maini.

Munira ndiye aliyepata njia. Yeye ni mtu wa Pwani kwa asili, haya na hijabu anazielewa kuliko sisi. Akauliza, hivi huyo mkwe anakatazwa kuona titi, au anakatazwa kumwona mkwe wake? Ruthu akafikiri, akasema ni kumwona mkwe wake. Munira akasema basi asimwone. Twende wanne, tumejifunika nyuso kwa kanga za aina moja, hakuna anayefungua mdomo, daktari apime wote na asijue yupi ni yupi. Sisi watatu tulikatwa titi la kushoto. Tutavaa vifuko vyetu vya uwele upande huo na kuufunika kitenge, Ruthu afunike la kwake la kushoto vilevile, na kila mtu aache wazi la kulia tu. La kushoto la Ruthu nesi angeliangalia mwenyewe, daktari akishatoka.

Mimi nilicheka. Nikasema daktari atatufukuza kama vichaa. Hilda akavaa viatu vyake vya ofisini, akaenda kumwona Nathanaeli, na akarudi na jibu. Nathanaeli aliinamisha kichwa, akasema, "Kama sijui ni nani, basi sijamwona mama." Kijana naye alikuwa anaogopa kama anavyoogopa mkwewe. Alimwomba Hilda jambo moja tu, kwamba nasi watatu tukubali kupimwa kwelikweli, tusiwe pazia tu, kwa sababu tumeacha kuhudhuria kliniki. Tukakubali haraka, kama mtu anavyokubali masharti ya mchezo.

Munira alileta doti mbili zikatoa kanga nne. Kumbe alituletea zile zilizomdodea dukani, na maandishi yake yalikuwa ya ugomvi: *Yako yamekushinda, ya kwangu utayaweza?* Hilda alisonya, lakini zilikuwa nzito na hazikuonyesha sura. Viatu tulivua vyote, maana Ruthu alisema malapa yake Nathanaeli anayajua, ndiyo anayoyakuta mlangoni kila afikapo Msalato.

Chumbani nesi alitupanga kwenye viti, Hilda wa kwanza, Munira, mimi, Ruthu wa mwisho karibu na mlango. Ruthu alitaka akae hapo. Alituapia kwamba mmoja wetu akijitambulisha, kwa sauti au kwa uso, yeye anatoka na hatarudi, na tusimfuate. Namjua Ruthu. Akisema hatarudi, harudi.

Nathanaeli akaingia. Nilimwona kivulivuli kupitia uzi wa kanga.

"Mbukwenyi, mama zangu," akatuamkia kwa Kigogo.

Hakuna aliyeitikia. Mwana ameamkia wanawake wanne wenye umri wa mama zake, na wote wamenyamaza kama mawe. Nikaona haya kuliko haya ya kukaa kifua wazi. Kisha nikasikia maji, ananawa.

Kwa Hilda alimaliza upesi. Kwa Munira alimaliza upesi zaidi. Alipofika kwangu nilikuwa ninatabasamu chini ya kanga, kusema kweli. Nilikuwa namfikiria anavyosoma yale maandishi ya ugomvi mara nne mfululizo, na nilikuwa nahesabu kwamba baada yangu ni Ruthu, na baada ya Ruthu tumeshinda. Vidole vyake vikapita chini, vikapita pembeni, vikapanda kuelekea kwapani, vikasimama.

Vikarudi. Vikasimama palepale.

Nilidhani amechoka. Kisha akanishika mkono akauinua juu ya kichwa changu, taratibu, akatafuta tena, na nikasikia pumzi yake inabadilika. Akainama karibu na sikio langu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, sauti ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote aliyonihudumia.

"Mama, nimekuta uvimbe hapa. Lazima tuupime wiki hii hii. Nisamehe kwamba ni mimi ninayekwambia."

Nikajua anadhani mimi ndiye mkwe wake. Wazo langu la kwanza, Mungu ananisikia, lilikuwa kumkemea. Nilitaka kumwambia amekosea kiti, wa uvimbe ni huyu jirani yangu, mimi nilishamalizana na ugonjwa huo, mimi ndiye ninayesimama kwenye mikutano ya wanawake kuwaambia wenzangu wajipime. Mdomo ulishafunguka. Lakini Nathanaeli sauti yangu anaijua. Nani Dodoma hii haijui? Nikisema neno moja amenitambua, na Ruthu atakuwa ameshafika uani.

Nikauma kanga. Miguu yangu ilikuwa ya baridi juu ya sakafu kana kwamba nimesimama kwenye maji. Mimi niliyezoea kusema kabla ya kufikiri nilikaa pale, nimeambiwa nina uvimbe kwa mara ya pili, na ruhusa yangu ilikuwa kuitikia kwa kichwa tu. Nikaitikia. Akaniwekea mkono begani kidogo, halafu akasogea kwa Ruthu.

Kwa Ruthu hakuhitaji kutafuta. Nilijua dakika alipougusa, maana aligeuka akanitazama mimi, akamtazama tena Ruthu, akabaki amesimama katikati yetu na mikono yake hewani. Alitegemea mmoja. Sasa walikuwa wawili, na hakujua tena mama yake ni yupi. Akatamka maneno yaleyale ya kupima wiki hii, kwa shida, na Ruthu akaitikia kwa kichwa. Tulikuwa tumeshinda. Lililokuwa limetuleta lilikuwa limekwisha, na kilichobaki ni daktari kutoka nje tufunue nyuso zetu.

Lakini hakutoka. Alikaa akiandika, na mimi mwili ukaanza kunitetemeka. Nilijizuia nikashindwa. Machozi yaliilowesha ile kanga, ikanigandia puani na mdomoni, kila nikivuta pumzi ikaingia nayo. Nilikuwa nakosa hewa na siwezi kuifunua. Sauti ikanitoka, si neno, mlio tu, wa mnyama. Hilda akasogeza kiti. Nesi akaja akaniuliza kama nifunuliwe, nikakataa kwa mkono, nikamwonyesha mlango, nikimaanisha daktari atoke kwanza. Hakunielewa.

Ruthu alinielewa. Nilisikia kiti chake kinasukumwa, nikajua anaondoka, na nikashika kitenge chake nimzuie. Hakuwa anaondoka. Alikuwa amesimama, na kanga yake ikadondoka miguuni pangu.

Nathanaeli aligeukia ukuta kwa kasi, akajificha uso kwa kiganja, kama mtoto.

"Baba," Ruthu akamwambia, "mkwe wako ni mimi. Umeshaniona, na sijafa. Sasa geuka umsaidie mwenzangu, anakosa pumzi."

Hakugeuka. Ruthu hakumsubiri. Alinivua ile kanga mwenyewe, akanishika uso kwa mikono yote miwili, na kwa kuwa hakubaki na mkono wa kushikia kitenge, kikamtoka kikaanguka, akawa kifua wazi katikati ya chumba. Nilimwambia akiokote. Hakukiokota. Akaniuliza ni nini, na mimi Mama Yotham, mwenye jibu la kila mtu, nikamwambia, "Ruthu, naogopa."

"Na mimi naogopa," akasema. "Tutakwenda wote."

Ndipo Nathanaeli alipogeuka. Alitutazama bila kuficha macho, akaja, akainama, akaokota kile kitenge sakafuni. Akamfunika mama mkwe wake mabega, na Ruthu akatulia afunikwe.