Jozi ya Tatu

"Geuka ukutani, Noella. Ukichungulia, utepe utakaobaki nakuziba nao macho."

Aliyesema hivyo alikuwa Winnie Stokes, karani wa duka la skii la Hatch. Alikuwa amepiga magoti kwenye theluji nyuma ya kibanda cha tiketi, akizungusha utepe mweusi kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kutoka puani hadi mkiani. Noella Pelkey, mnoaji wa skii wa duka lile, aliutazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, mikono kwapani. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na kwa miaka thelathini na mmoja, kila ilipofika Machi, alikuwa ameutazama ukuta ule ule namna ile ile.

Ndivyo walivyozoea pale dukani. Kabla Curtis Hatch, mwenye duka, hajaagiza mali ya majira ya baridi yanayofuata, skii za kujaribiwa huvishwa weusi zote, asijulikane mzee wala kijana. Rangi hulewesha watu, hasa rangi mpya. Winnie peke yake ndiye ajuaye ipi ni ipi, na karatasi ya siri huitia kifuani, mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna mwanamume wa Vermont aliyethubutu kupeleka mkono tangu mumewe afariki. Mjaribuji huzikuta zimelala kwenye theluji, akakanyaga, akapanda mlima, akashuka. Haruhusiwi kuziinua wala kutazama matumbo yake, upande wa chini. Akimaliza anataja namba, basi.

Miaka mingine walijaribu watu watano sita, wakabishana mpaka donati zikaisha. Mwaka huu Curtis alitaka mguu mmoja tu.

"Mguu wako haujawahi kunidanganya," alikuwa amemwambia Noella juzi, amesimama mlangoni mwa chumba cha chini kama mtu aliyeleta habari za msiba. Akamweleza jambo lenyewe huku akiitazama pasi ya kuyeyushia nta, si uso wake. Kampuni inayomuuzia skii ilikuwa imempa njia mbili. Ya kwanza, achukue jozi arobaini za msimu huu unaokwisha, zilizododa ghalani, kwa karibu nusu ya bei. Hizo zinakuja mbichi, kingo zake butu, na kila moja ingepita mikononi mwa Noella kabla ya kuuzwa. Ya pili, achukue za msimu ujao, mtindo wa kisasa kabisa, zilizonolewa kiwandani na mashine isiyokosea hata unywele. Akichukua hizo, kampuni ingempa na mashine ya namna hiyo kwa masharti mepesi. Ukubwa wake ni wa friji mbili. Ingekaa pale pale ilipo meza ya Noella, maana chumba hakina mahali pengine.

"Kwa hiyo nikisema mpya ndiyo nzuri, nimejifukuza kazi," alisema Noella.

Curtis aliisogeza ile pasi kando. Hakuwa mtu mbaya, na tabu yenyewe ilikuwa hapo. Baba yake ndiye aliyemwajiri Noella, na Noella ndiye aliyemfunga Curtis buti zake za kwanza za skii. Lakini duka la ng'ambo ya mto lilikwisha kuweka mashine, na wateja walikuwa wameanza kuulizauliza. Alisema tu kwamba anataka ukweli, mama, kisha akapanda ngazi, kipeperushi cha mashine kikichungulia mfukoni mwa koti lake.

Sasa niwaambie kuhusu ile meza. Ilikuwa ya mbao, imejaa makovu, na imelowa nta ya miaka hata ukiigusa kiganja kinateleza. Juu yake kulikuwa na jiliwa la kubania skii, tupa tatu, jiwe la kulainishia, na kikombe cha kahawa kilichopoa. Noella alibana skii, akaipitisha tupa ukingoni toka pua hadi mkia kwa mkono mmoja usiosita, akarudia, akafuata na jiwe. Mwisho aliburuta ukucha wa dole gumba juu ya ukingo. Ukingo ukikwangua ukucha ukaacha vumbi jeupe, kazi imekwisha. Usipokwangua, anaanza upya. Ukucha ule haukuwahi kupata nafasi ya kukua. Jozi sitini za kukodisha zilipita pale kila wiki, na za wateja juu yake, na hakuna aliyejua jina la aliyezinoa.

Za kwake mwenyewe zilining'inia kwenye msumari kando ya boila. Alizinunua miaka kumi na miwili nyuma, siku ya mnada wa Oktoba, mali ya msimu uliopita kama zote alizowahi kumiliki. Hakuona haya. Madereva wa basi la shule, wauguzi, wapishi wa hoteli, wote wa mji ule walivaa msimu uliopita, na wakiulizwa husema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Aibu yake ilikuwa nyingine. Kingo za skii zile zilikuwa butu kama kijiko. Jumatatu, siku yake pekee ya mapumziko, alizichukua hivyo hivyo, akateleza polepole njia za pembeni, akarudi nyumbani. Mganga hajigangi. Winnie alikuwa amemsuta kwa hilo mpaka akachoka.

"Haya, geuka," sasa Winnie alisema. "Moja, mbili, tatu. Usinipendelee yeyote, zote wanangu."

Asubuhi yenyewe haikuwa ya mzaha. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, kisha usiku baridi ikaja na meno yake yote, na mlima mzima ulikuwa unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Chini bondeni wenye mashamba walikuwa wakichemsha utomvu wa miti yao kupika sharubati, na mvuke ulipanda mweupe, umenyooka. Curtis alisimama karibu na lifti ya viti ya kupandia mlimani, mabega juu. Alimtakia heri.

Noella alivaa jozi ya kwanza. Juu, penye theluji laini kidogo, ilikwenda kwa adabu. Lakini njia ya kujaribia ilipita Ukuta wa Mjane, na huko hapana ujanja. Ni mteremko mfupi, mkali, ambao jua haliufikii, na barafu yake asubuhi kama ile huwa ya bluu. Majira matatu ya baridi yaliyopita Noella alianguka hapo, akavunja kifundo cha mkono, akashuka hadi chini kwa mgongo akitazama mbingu. Tangu hapo hapapiti bila kupaogopa. Jozi ya kwanza ilikwaruza barafu kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Alikaza meno, akashuka kiupandeupande, akafika chini amelowa jasho.

Ya pili ilikuwa na uchangamfu zaidi, ila kwenye Ukuta ilimwacha vilevile. Akamwomba Mungu wa mama yake kwa Kifaransa, jambo alilolifanya mara chache.

Akavaa ya tatu.

Sijui niseme nini kuhusu ya tatu. Noella mwenyewe hakujua. Kona ya kwanza tu alihisi kama mtu ameshika kiwiko chake, si kwa kumsukuma, kwa kumwambia twende. Aliegemea kidogo, skii ikashika. Akaegemea zaidi, ikashika zaidi. Haikukwaruza. Ilitoa sauti ndogo, kavu, ya mkasi ukikata kitambaa kipya, na akawa anaisikiliza sauti ile kwa furaha ambayo hajaijua tangu usichana wake. Alipinda kushoto, akapinda kulia, upepo ukamtoa machozi, na machozi yalikuwa ya upepo mwanzoni. Ilikuwa mpaka alipoona kibanda cha tiketi mbele yake ndipo akakumbuka kuuliza Ukuta wa Mjane uko wapi. Akageuka kuutazama. Ulikuwa nyuma yake. Alikuwa ameupita bila kuuona.

Akasimama pale, mkono kifuani. Jamani, alijisemea, kumbe kuteleza ndiko huku.

Kisha akili ikarudi, na baridi ikaja nayo. Jozi kama ile haiwezi kuwa ya msimu unaokwisha. Hizo zilitoka ghalani mbichi, yeye azijua. Hii ilikuwa kazi ya kiwandani, ya ile mashine. Curtis alikuwa mita mia tu chini yake, anangoja. Noella angeweza kusema namba moja. Angeweza kusema mbili. Nani angejua? Winnie ana karatasi tu, hana mguu wake. Angerudi kwenye meza yake kesho, angebana skii kwenye jiliwa, na kahawa ingepoa kama kawaida.

Alifikiri hayo kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, nne. Lakini alikuwa ameupita Ukuta bila kuuona. Kukana kitu kama hicho aliona ni kufuru.

Aliteleza hadi kwa Curtis, akazivua skii, akaziacha zimelala kama sheria inavyotaka.

"Ya tatu," alisema. "Zile mbili ni skii. Ya tatu ni kitu kingine."

Curtis aliinamisha kichwa. "Una hakika, mama?"

"Nina hakika. Nimenoa maisha yangu yote, Curtis mwanangu, na sijawahi kukanyaga ukingo kama huo. Aliyetengeneza hiyo mashine, mwambieni namvulia kofia." Na kweli akaivua, nywele zake za mvi zikapeperuka. "Iweke hapo mezani pangu. Kipya kinyemi. Hiki si kidonda hata."

Hakulia. Alisema maneno yale kama mtu anayetoa ushahidi, na alipomaliza alihisi amekuwa mwepesi na maskini kwa pamoja.

Winnie alikuwa amefika na chupa ya chai, na alikuwa amenyamaza. Winnie kunyamaza ni jambo la kutisha; Noella alimwangalia akidhani ameugua. Karani yule alivua glavu, akatia mkono kifuani, akatoa karatasi yake, na akaisoma kwa sauti ya kanisani. Namba moja, ya msimu ujao. Namba mbili, ya msimu ujao, ngumu zaidi. Namba tatu, ya msimu huu.

"Haiwezekani," alisema Noella. "Hizo zimekuja mbichi."

"Jozi mbichi waliyoleta haikuwa na vifungo vya buti. Ningekuvisha kwa kamba?" Winnie alikunja karatasi. "Nikachukua ya kwetu, rafu ya kukodisha. Na ukitaka kujua, ni ile ile kama namba moja. Nilimbana mjumbe wa kampuni mpaka akasema. Mbao ile ile, umbo lile lile, wamebadili rangi. Wali ni ule ule, sahani ndiyo nyingine."

Akainama, akaushika utepe wa namba tatu kwenye pua, akauvuta. Ulitoka mrefu, ukilia. Chini yake ilionekana rangi ya kijani iliyokwaruzwa na buti za wageni wa majira mazima, na namba ya duka kwa rangi nyekundu: arobaini na saba.

Noella aliijua arobaini na saba. Januari iligongwa kwenye jiwe, akaiziba jeraha na kuikalia saa nzima. Alhamisi iliyopita aliinoa tena, nayo ikiwa ya hamsini na kitu siku hiyo, mgongo ukimuuma, redio ikisema habari za mvua. Hakuipa upendeleo wowote. Aliinoa kama anavyonoa zote.

Curtis aliigeuza skii ile tumbo juu. Akavua glavu yake, na kwa mara ya kwanza tangu arithi duka, akaburuta ukucha wake ukingoni. Vumbi jeupe likabaki kwenye chuma. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye namba moja, akafanya vilevile, na ukucha ukapita bila kuacha kitu.

"Hivi ndivyo wateja wangu wanavyoteleza?" aliuliza taratibu. "Siku zote?"

"Siku zote," Winnie akajibu. "Wote. Isipokuwa yeye."

Curtis alipapasa mfuko wa koti, akatoa kipeperushi cha mashine, akakigeuza upande mweupe, akamwomba Winnie kalamu. Aliandika akikiegemeza kwenye goti. Noella aliona nne, na sifuri baada yake, jozi arobaini za msimu huu, na hakuona zaidi kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa, na safari hii upepo haukuwepo.

Alikuwa akitazama mikono yake. Aliitazama kiganjani, akaigeuza, akatazama na dole gumba lenye ukucha mfupi, kama mikono ya mtu aliyekaa naye nyumba moja miaka thelathini na mmoja bila kumuuliza jina.

"Naomba nipande tena mara moja," alisema. "Kabla jua halijalainisha mlima."

Walimwona akikaa kwenye kiti cha lifti peke yake, arobaini na saba miguuni, utepe mweusi ukining'inia kwenye skii ya kushoto, akapanda mpaka akawa mdogo. Hakushuka mara moja. Aliposhuka, alisimama katikati ya Ukuta wa Mjane, mahali ambapo hakuna mtu husimama kwa hiari, akageuka kutazama alikotoka. Kwenye barafu ya bluu kulikuwa na mistari miwili, myembamba, safi, imepinda pamoja toka juu hadi miguuni pake. Aliinama, akavua glavu, na akaweka kidole ndani ya mmojawapo.