Picha ya Kona ya Bomba

Nilifika kiwanda kimoja cha chai, nje kidogo ya Igowole, mvua za mwaka 1976 zikiwa zimekolea. Kazi ilikuwa ya siku moja: kupiga picha bomba la mvuke, kuona kama kutu imelitafuna kwa ndani. Nilitoka Mbeya na sanduku zito la madini ya risasi, na ndani yake kipande cha iridiamu, madini yanayotoa mionzi, kidogo kama punje ya mahindi. Watu wote wanatolewa nje ya kamba, kipande kinakaa upande mmoja wa bomba, filamu upande wa pili, mionzi inapenya chuma. Chuma kikiwa kinene, filamu inabaki nyeupe. Kikiwa kimeliwa, mionzi inapita kwa wingi na filamu inakuwa nyeusi. Ni jambo jepesi, na mpaka leo najilaumu kwamba lilinishinda kulieleza.

Kona ya bomba iliyo juu ya mlango wa tanuri ilitoka nyeusi tii. Chuma kilikuwa kimebaki kama ganda la yai. Chini ya kona hiyo ndipo anaposimama mchochea kuni, na mchochea kuni wa mchana alikuwa Kalinga, mume wa mdogo wangu Matilda.

Meneja, Mzee Anania, aliinua filamu dirishani akatabasamu. "Safi kabisa," alisema.

"Safi wapi, Mzee? Hiyo kona imekwisha."

Akafungua kabati, akatoa picha ya kifua chake mwenyewe, ya zamani alipougua kifua kikuu. "Mimi picha hizi nazijua, ndugu. Nimelala hospitali miaka miwili, daktari ananionyesha kila mwezi. Penye ugonjwa ni peupe. Peusi ni pazima. Wewe umesomea miezi mingapi?"

"Sita."

"Haya."

Nikamweleza kwamba mapafu ni meusi kwa sababu yamejaa hewa, na chuma hakitakiwi kujaa hewa. Alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akaagiza geti lisifunguliwe mpaka nisaini ripoti kwamba bomba ni zima. Boila lilikuwa limezimwa kwa matengenezo, na bila saini yangu lisingewashwa. Majani mabichi yalikuwa yanalundikana na kunuka.

Mwenyewe ningeruka ukuta nikaenda zangu kwa miguu. Lakini sanduku lile hubebwa na wawili, na sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kutoliacha peke yake hata dakika moja. Land Rover ilikuwa ya kiwanda, simu ilikuwa mezani kwa meneja. Nikakaa siku tatu juu ya sanduku, mvua inapiga bati, Matilda ananiletea ugali na maharage, na wachuma chai wanapita wakiniangalia kama mwizi wa kuku. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa. Asubuhi ya nne nikajiona mjanja.

Nikaandika: *Picha ya kona ni nyeusi.* Nikasaini. Mzee Anania akasoma, akanipa mkono kwa furaha, geti likafunguliwa. Nilijiambia sikudanganya, na wakubwa wa Mbeya wakiisoma wataelewa na kupiga simu.

Kalinga ndiye aliyenisaidia kubeba sanduku mpaka kwenye gari. Ni hatua kama sitini.

"Shemeji, umeandikaje?" aliuliza.

"Nimeandika ni nyeusi."

Akapumua kwa nguvu. "Afadhali. Mzee katuambia nyeusi ndiyo nzima. Na Matilda jana hakulala, anasema kaka hasemi kitu. Basi acha nikawashe."

Dereva alikuwa ameshawasha gari, na meneja alikuwa amesimama kibarazani anatuangalia. Nikamwambia Kalinga asalimie watoto. Nilipofika Mbeya nilikuta ofisi imefungwa, sikukuu, mlinzi akanifungulia, nikaiweka ripoti mezani kwa bosi.

Kona ilipasuka kesho yake, kabla ripoti haijasomwa. Mvuke ulimkuta Kalinga na koleo mkononi, na hakupona.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika Iringa. Walisoma sentensi yangu mara tatu, mtaalamu wao akaitazama filamu, akasema fundi ameandika ukweli mtupu. Aliyeshindwa kusoma ni meneja. Nikaruhusiwa kwenda nyumbani saa tano asubuhi.

Matilda alikuwa ananisubiri nje, mtoto mgongoni. Hakulia.

"Kaka," alisema, "kule ndani wanasema nyeusi, nyeusi. Mwenzangu aliniambia nyeusi ni nzima, kaambiwa na wewe. Nyeusi ndiyo nini?"

Nikamweleza. Sikutumia hata dakika moja, na alielewa mara ya kwanza.